Naomba ushauri: nataka kumwaga mwenyewe jamvi la zege la kibanda cha bustanini

Msumari Mmoja (mleta mada)
Wadau, habari za wakati huu. Ninajenga kibanda cha mbao bustanini, chenye ukubwa wa mita 3 kwa mita 4, ambacho nitakitumia kusomea na kuhifadhia vifaa. Mbao za kuta zimekwisha kukatwa, saruji mifuko 8 ya kilo 50 ipo ndani, na mbao za kingo nimezipigilia mahali pake. Nimepima kutoka pembe hadi pembe na njia zote mbili zimenipa mita 5 na nusu, kwa hiyo najua kwamba pembe zimekaa sawasawa. Je, unene wa sentimita 10 unatosha, nitumie uwiano gani wa mchanganyiko, na kuna ubaya wowote nikimwaga sehemu kubwa Jumamosi hii na sehemu iliyobaki baada ya wiki kadhaa? Eneo ni tambarare na halina tatizo lolote. Jambo hili linaninyima usingizi, hivyo naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Mwiko wa Zamani
Kwa kibanda cha mbao, sentimita 10 za zege juu ya sentimita 10 hadi 15 za mawe au kokoto zilizoshindiliwa zinatosha. Tumia 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na ndoo iwe ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Mita 3 kwa 4 kwa unene huo ni mita za ujazo 1.2, ambazo hula mifuko 8 hivi, kwa hiyo hesabu yako ya saruji ni nzuri. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, tena yapunguze ikiwa mchanga umelowa, kwani zege lenye maji mengi ni rahisi kulisambaza lakini hukauka likiwa dhaifu na lenye nyufa. Kabla ya kumwaga, tandika nailoni nzito ili unyevu usipande na maji ya zege yasinyonywe na ardhi.

Lisiloniingia akilini ni hilo la awamu mbili. Jamvi dogo kama hilo humwagwa kwa siku moja, asubuhi hadi mchana likawa limekwisha. Una sababu gani ya kuligawa? Na udongo wa hapo ni wa namna gani?

Heshimu Fundi
Ndugu yangu, kila kazi ina wenyewe. Siku hizi mtu akitazama video mbili tayari amejiita fundi, na baadaye anawatafuta wale wale aliowakwepa ili waje kubomoa. Tafuta mtu mwenye mikono iliyozoea, umlipe haki yake, nawe ukae pembeni ujifunze. Sisemi haya kwa maslahi yangu, ingawa ni kweli kwamba mimi ni fundi.

Baba Toroli
Mimi nitazungumzia jambo ambalo wengi hulisahau. Shemeji yangu alimwaga jamvi zuri sana, pima maji ikiwekwa popote povu linatulia katikati, lakini alilizidisha likawa pana kuliko kibanda kwa kiganja kimoja kila upande, kwa madai kwamba linapendeza. Mvua ikawa inapiga ukuta, inateremka hadi kwenye ule ukingo uliozidi, kisha inajipenyeza chini ya mbao ya kwanza. Ukibonyeza mbao ile kwa kidole leo, kidole kinazama hadi kwenye kucha. Jamvi liwe sawa na kibanda, au mbao za ukutani zivuke ukingo wa zege kidogo ili maji yadondokee nje.

Kokoto Laini
Swali langu ni moja tu: huyo shemeji anajua kwamba amegeuzwa mfano wa kufundishia?

Mwiko wa Zamani
Tumechekeshwa, lakini mleta mada bado hajajibu. Udongo wa hapo ni wa namna gani?

Msumari Mmoja
Samahani kwa kuchelewa. Udongo ni mzuri, mwekundu na mgumu, isipokuwa upande mmoja wa mwisho ambako zamani kulikuwa na shimo la takataka za bustani. Tulikuwa tukitupa humo majani, matawi na visiki, kisha tukalifukia kwa udongo. Ndiyo sababu nilifikiria kuanza na upande mgumu, nao ule mwingine niupe muda. Lakini nisieleweke vibaya: pale nimeshindilia vya kutosha kwa gogo lenye mpini, hadi mikono ikatoka malengelenge, na ukipita juu yake husikii tofauti yoyote. Isitoshe, nimenunua wavu wa chuma, na mahali pengine hapana kivuli. Sioni haja ya kuanza upya.

Mwiko wa Zamani
Kumbe hilo ndilo swali lenyewe, na uwiano wa mchanganyiko ulikuwa dibaji. Gogo la mkono hushindilia tabaka la sentimita 10 hadi 15 za juu. Yaliyo chini ya hapo hayajui kwamba ulifanya kazi. Kisiki kilichozikwa huoza polepole, kinapungua na kuacha uwazi, na udongo wa juu hushuka kuufuata. Upande mmoja wa jamvi ukikaa juu ya ardhi ngumu na mwingine juu ya ardhi inayoshuka, zege litakatikia mpakani. Wavu wa chuma katika jamvi jembamba kazi yake ni kuzibana nyufa ndogo zisifunguke. Haukuwekwa pale ili ulibebe jamvi juu ya shimo. Na ukimwaga kwa awamu mbili, utakuwa umeuchora ule ufa kwa mkono wako.

Fanya jaribio hili. Chukua nondo ya milimita 12, ichomeke ardhini kwa nguvu za mikono kila baada ya hatua moja, kisha uandike imezama kiasi gani. Ikizama kama kisu kwenye embe bivu, hapo pasimwagwe zege mpaka uchafu wote ufukuliwe na shimo lijazwe kwa kokoto, tabaka moja la sentimita 15 baada ya jingine, kila moja likishindiliwa kabla ya linalofuata.

Rula Haidanganyi
Wakuu, mbona mnajisumbua? Hii ni chai. Yeyote aliyewahi kupigilia mbao za kingo anajua kanuni ya 3, 4 na 5: umbo la mita 3 kwa mita 4 likiwa na pembe sahihi, umbali wa pembe hadi pembe ni mita 5 kamili, si 5 na nusu. Mleta mada anatuambia kwa kujiamini kwamba njia zote mbili zilimpa 5 na nusu, naye akaridhika. Mtu aliyeishika tepu kweli angeshtuka. Kibanda hiki kimejengwa kitandani, tena kwa simu.

Kokoto Laini
Basi hata yale malengelenge ni ya simu.

Heshimu Fundi
Nilijua tangu mwanzo. Mtu mwenye kazi ya kweli haogopi kumwita fundi.

Baba Toroli
Tusimhukumu mtu kwa tepu. Hata kama amebuni, shimo la visiki ni jambo la kweli na kuna msomaji mwingine litakayemfaa. Lakini nami nakiri kwamba ile nusu mita inanisumbua.

Msumari Mmoja
Sijabuni kitu. Kibanda ni mita 3 kwa 4 kama nilivyosema, ila jamvi nililiongeza urefu likawa mita 4 na sentimita 60, ili mbele ya mlango nipate kibaraza cha kuwekea kiti. Sikuona umuhimu wa kulitaja. Nondo nimeichomeka jioni hii: upande wa nyuma na katikati inagoma kwenye sentimita 15 au 20, na kwenye mstari wa mita 4 ni vivyo hivyo. Ila pale kwenye kibaraza ilizama sentimita 70 na ingeendelea kama ningetaka. Hata hivyo kibaraza nakihitaji, na wavu umekwisha kukatwa kwa urefu huo. Je, nikiulaza mara mbili sehemu hiyo?

Rula Haidanganyi
Mita 3 kwa 4.6 inaleta 5.49. Hesabu imekubali, nami naiondoa chai mezani, lakini weka picha.

Mwiko wa Zamani
Usiulaze mara mbili wala mara tatu. Saruji yako yenyewe inakushauri: mifuko 8 inatosha jamvi la mita 4, wakati la mita 4.6 linataka mifuko 9 au zaidi, kwa hiyo ungeishiwa ukiwa juu ya shimo. Rudisha ubao wa mwisho kwenye mita 4, ukiacha kibanda kiwe sawa na jamvi kama alivyosema Baba Toroli. Ukingo huo unaotazama shimo uchimbe hadi sentimita 30 ili zege liwe nene pale, na ongeza mfuko mmoja kwa ajili hiyo. Kibaraza kitandike kwa vigae vya zege juu ya kokoto, bila kukiunganisha na jamvi. Ardhi ikishuka, utavinyanyua, utaongeza kokoto na kuvirudisha. Wavu ukate, uuinue juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuinulia chuma, ukae katikati ya unene, kisha umwage vyote Jumamosi moja. Vaa glavu na buti, kwa maana zege bichi huunguza ngozi. Lifunike kwa nailoni na ulilowanishe kwa siku 7 kabla ya kusimamisha kuta.

Msumari Mmoja
Kuukata wavu mpya kunaniuma, lakini ubao nitaurudisha kesho. Vipi kama nitasogeza mstari hadi mita 4 na sentimita 20 tu?

Mwiko wa Zamani
Chomeka nondo kwenye hiyo 4.20 kwanza, na katika ile picha anayoidai Rula, tepu na nondo vionekane pamoja.