Ajansi za tiketi za ndege za L'shi (Lubumbashi, Kongo): pasipoti ya mama yangu si bango lenu la matangazo

Wandugu, huu ni usiku wa tatu silali vizuri, kwa hiyo mkikuta neno kali humu lipokeeni hivyo hivyo.

Mama yangu ana miaka 67 na moyo unamsumbua. Ukoo mzima tumechanga, kutoka Katuba mpaka Kolwezi, ili aende kutibiwa India. Ajansi moja ya mjini (jina siliweki, msinijazie ujumbe wa siri) ikasema tutume kila kitu kwa WhatsApp: pasipoti, kadi ya homa ya manjano, barua ya hospitali kwa ajili ya viza. Tukatuma. Bila pasipoti wao hawatoi tiketi ya nje, sasa ungekataa vipi?

Tiketi ikatoka Alhamisi: Luano (uwanja wetu wa ndege), Addis Ababa, Delhi. Ijumaa asubuhi mdogo wangu ananipigia akicheka, "Yaya (kaka), mama amekuwa staa!" Nafungua status ya ajansi. Tiketi ya mama iko juu ya meza, pasipoti imefunguliwa kando yake, chini wameandika "Merci kwa confiance" (asante kwa kutuamini) na mioyo mitatu. Uso wake wameufunika kwa ua. Ua! Jina wameliacha, namba wameiacha, na ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine ya uhamiaji iko wazi kabisa: jina lote, namba ya pasipoti, siku ya kuzaliwa, siku ya kuisha. Yaani wamefunika kitu pekee ambacho mwizi hakuwa na haja nacho. Barua ya hospitali nayo inachungulia pembeni, neno "cardiologie" unalisoma bila miwani.

Nikawaandikia waitoe. Kimya.

Saa nane mchana mama akapigiwa simu. Sauti ya mwanaume, Kifaransa cha ofisini, kisha Kiswahili. Akamwita kwa majina yake yote matatu, akamsomea namba ya pasipoti, akamtajia siku ya safari. "Mama, kiti yako imeanguka kwa sistemu. Tuma dola 150 mbele ya saa kumi, kama sivyo daktari wa moyo atakungojea bure." Mama akatuma, kutoka kwenye pesa ya matibabu. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia kwanza, akanijibu: "Mtu anajua namba ya paspore yangu, mimi mwenyewe siijui. Nitamkatalia namna gani?"

Jioni nikaazima simu ya jirani. Kutoka kwenye picha ile ile ya status nikachukua vitu viwili tu, jina la ukoo na zile herufi na tarakimu sita za tiketi, nikaviandika kwenye tovuti ya shirika la ndege. Safari ya mama ikafunguka yote. Saa, kiti, namba ya simu tuliyoandikisha, na chini kabisa kitufe cha kufuta safari. Hakuna neno la siri, hakuna ujumbe wa kuthibitisha. Hapo ndipo nikaelewa yule mwanaume aliipata wapi simu ya mama. Watu tunadhani zile sita ni namba ya risiti tu, kumbe anayezijua pamoja na jina lako anaingia kama mwenye safari. Hata wakubwa zimewaponza: mwaka 2020 Tony Abbott, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya kadi yake ya kupandia ndege, kijana mmoja akapitia hapo hapo mpaka akafika kwenye namba ya pasipoti yake. Lakini Abbott alijianika mwenyewe. Mama yangu nani alimuuliza?

Jumamosi nikaenda ofisini. Binti wa kaunta, heshima tele: "Yaya, ni pub (tangazo) tu, haina kitu ya mubaya. Ba clients benyewe banapendaka." Nikamuuliza picha za watu wanaziweka wapi. Akanionyesha bila wasiwasi wowote: simu moja ya kazi, wafanyakazi wanne wanaishika kwa zamu, imejaa pasipoti tangu mwaka juzi, na jioni inalala kwa yule aliyefunga ofisi. Fotokopi zilizoharibika anapewa mama wa vitumbua pale nje, afungie. Nilinunua viwili. Vyangu vilifungwa kwa fotokopi ya kadi ya mpiga kura ya mtu wa Likasi. (Bahati yake, kadi nyingi za uchaguzi wa 2023 wino unafutika wenyewe. Mara ya kwanza naona faida yake.)

Patroni akatoka chumba cha nyuma. Nikamtajia ibara ya 31 ya Katiba juu ya maisha ya faragha, nikamtajia Code du numérique (sheria ya mambo ya dijitali) ya tarehe 13 Machi 2023 yenye sehemu nzima juu ya data za watu. Akacheka. "Hiyo ni sheria ya Kinshasa, papa." Kisha akaongeza, "Na si ninyi wenyewe mulituma kwa WhatsApp?"

Ndiyo, patroni, tulituma. Kwako. Nikimpelekea fundi kitambaa changu anishonee, sijampa ruhusa akivae arusini!

Ninachodai ni dola 150 za mama, na picha zake zifutwe mbele ya macho yangu. Shirika la ndege lenyewe walinisikiliza, wamebadilisha namba ya simu kwenye tiketi na mama ataondoka. Fotokopi ninazotoa siku hizi naziandika kwa kalamu katikati, "kwa viza tu", na tarehe. Nyinyi mnaolipa kwa kadi ya benki, zile tarakimu tatu za nyuma msimpigie mtu picha hata akiapa kwa mama yake.

Leo asubuhi status yao ina pasipoti ya mtoto mdogo. Safari hii hata ua hawakuweka. Nikawaandikia: "Wazazi wake wanajua?" Tiki mbili zikageuka buluu. Dakika moja baadaye picha yao ikawa kijivu, status zikapotea. Wamenibloki.