Gemu za zamani zimenijaa nyumbani, nianzie wapi?

MwanaKibokoni:
Assalam aleikum wakuu. Nina PS2, mashine ya gemu ya kuunga kwenye TV, ile nyembamba. Mjomba alipohamia Doha aliniachia mkoba wake wa CD, na mimi kila nikipita Mwembe Tayari sirudi mikono mitupu. Kwenye kompyuta nako kuna gemu nilizonunua wakati wa ofa za Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nyingine hata sijazifungua.

Sasa natoka zamu bandarini, naoga, nala, nawasha. Napekua ule mkoba weee, natia CD natoa, mwisho nacheza mechi mbili za Winning Eleven nalala. Dragon Quest VIII, ile gemu ndefu ya hadithi, kila nikiirudia sikumbuki nilikuwa naelekea wapi, basi naanza upya. Ule mwanzo wake nishauhifadhi kwa ghibu! Mke wangu asema niuze zote. Nipeni akili.

BintiMajengo:
Wa aleikum salaam kaka. Wingi si tatizo. Wewe una saa moja usiku na wachagua gemu za mtu mwenye likizo ya miezi miwili. Final Fantasy VII ilipotoka 1997 ilikuja na CD tatu. Mtu wa zamu ataimaliza lini?

Chukua Ico ya 2001, wikendi moja yatosha. Ukimaliza, ingia Shadow of the Colossus ya 2005, ya watengenezaji walewale. Ina majitu 16 na hakuna vijiadui vya kukuchelewesha njiani. Wapanda farasi, walitafuta jitu, waliangusha, wasevu, walala. Ni kama ilitengenezewa watu wa zamu.

FundiPedi:
Kabla hujapanga lolote, jaribu CD zote. Kwa chumvi hii ya hewa yetu na ule mkoba kukaa miaka, zingine hazitasoma. Pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ikigoma na nyingine zasoma vizuri, tupa, usiihurumie. Zikigoma nyingi, hiyo ni lenzi imechoka.

Na hiyo memori kadi inayoweka sevu zako, yaani pale ulipofikia, je, ni moja tu? Ile ya kawaida ni MB 8, na ikifa imekufa na kila kitu. Tafuta ya pili unakili sevu zako.

Mlikoni_Asilia:
Nyinyi mwamfanyia mwenzenu gemu iwe kazi ya ofisi. Mtu ametoka kubeba mizigo mchana kutwa, ataka Winning Eleven, mwacheni acheze Winning Eleven! Nani kamwambia ana deni? Mjomba yuko Doha, hamuulizi.

MwanaKibokoni:
😂 Mlikoni, sibebi mizigo, niko kwenye karatasi. Lakini kweli hizo mechi mbili nazifurahia. Linaloniudhi ni Dragon Quest, ile nataka kuimaliza kwa dhati.

BintiMajengo:
Basi hiyo ndiyo iwe yako peke yake, hizo mechi ziwe za usiku uliochoka. Mle ndani ya gemu si wasevu kwa padri kanisani? Ukishasevu, kabla ya kuzima, andika mstari mmoja kwenye simu: niko mji gani, nimeambiwa niende wapi, kwa nani. Ukirudi hata baada ya mwezi hupotei. Ukikwama kabisa, nenda GameFAQs, tovuti ya miongozo ya gemu, ipo tangu 1995. Miongozo yake mingi ya zamani ni maandishi matupu, haili bando.

Za Steam: uliyoinunua juzijuzi, kama haijapita siku 14 na hujafikisha saa mbili za kucheza, omba pesa zako. Zilizobaki zifiche kwenye orodha, usizione kila ukifungua.

FundiPedi:
Nakubaliana na dada, ila asianze na Ico na Dragon Quest pamoja.

MwanaKibokoni:
Shukran sana. Nimejaribu CD jana usiku, kadhaa zimegoma, nimezitupa mke akiona, amefurahi. Ico haimo mkobani, lakini Shadow of the Colossus imo na yasoma. Dragon Quest nayo yabaki. Okami naitoa, ni ndefu mno kwangu. Anayeitaka aje aichukue, bure.

BintiMajengo:
Okami? Niwekee, napita kesho baada ya alasiri.

Mlikoni_Asilia:
Dada, na wewe zako umezimaliza?

BintiMajengo:
Hayo hayakuhusu.