Jiko la gesi kwenye boti: kusafisha la zamani au kununua jipya?

Moteri_Kituku: Habari zenu wote. Nina boti ya mbao, tunabeba mizigo kwenye Ziwa Kivu: Goma, Idjwi mpaka Bukavu. Jiko la gesi la pleti mbili la wafanyakazi limechoka: moto wa manjano, sufuria zinakuwa nyeusi, pleti moja inawaka nusu. Fundi wa Birere anataka kulifungua alisafishe. Mwingine ananiambia ninunue lile dogo linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6. Kesho kutwa tunapakia. Nichague lipi?

Mama_Sambaza: Papa, mtungi unakaa wapi, ndani au nje? Na mpira ukoje? Bila hayo tutakujibu nini?

Fundi_Kadutu: Moto wa manjano mara nyingi ni uchafu, si uzee. Toa zile kofia za juu, loweka kwenye maji moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki wa meno, vitundu vilivyoziba pitisha sindano. Lakini kile kitundu kidogo cha shaba gesi inapotokea usikichokonoe hata kidogo. Kikipanuka, gesi inazidi hewa na moto hautarudi kuwa wa buluu. Puliza kwa pampu ya baiskeli, inatosha. Chungulia na tundu la hewa pembeni, buibui wanapenda kujenga humo. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Usinunue jipya.

Kisiwa_Idjwi: La juu ya mtungi ni la nyumbani. Wimbi la mchana likipiga ubavu, sufuria ya maharage, jiko na mtungi vyote vinalala.

Nahodha_Kalehe: Mimi gesi kwenye boti sitaki tena. Tulifunga boti Minova jioni. Mtungi ulikuwa ndani karibu na moteri, mpira umekazwa kwa waya tu. Mpishi alizima jiko, mtungi hakuufunga. Usiku kucha gesi inavuja. Watu wa Goma mnajua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, inavyolala mashimoni. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Nyumbani itapita chini ya mlango, kwenye boti inashuka chini ya mbao, pale maji yanapokusanyika, na inabaki hapo. Asubuhi sisi tuliosimama juu hatukusikia harufu. Kijana akawasha moteri, cheche moja, mbao za sakafu zikaruka. Aliungua mikono na nyusi. Alipona, Mungu ashukuriwe. Tangu hapo ni mbabula, jiko la makaa.

Mama_Sambaza: Pole sana, Papa. Ila mbabula kwenye boti ya mbao? Na mvua ikinyesha mkashusha turubai, makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu kabisa. Kilichowaumiza ni mtungi kuachwa wazi.

Nahodha_Kalehe: Mbabula naiona ikiwaka, Mama. Gesi siioni.

Kijana_Himbi: Na hii gesi ya ziwa lenyewe, haiwezi kushika moto wa jiko?

Fundi_Kadutu: Hapana. Ile methani imeyeyuka ndani ya maji, chini sana. Upande wa Rwanda, pale Karongi, wanaivuta kwa mabomba, na tangu 2016 inawapa umeme, megawati 26.

Kijana_Himbi: Na sisi tunangoja nini? Ziwa ni letu pia, na umeme unakatika kila siku!

Moteri_Kituku: Aksanti. Mtungi uko ndani, chini ya kiti cha nahodha. Mpira una nyufa karibu na mtungi.

Fundi_Kadutu: Basi acha kwanza habari ya pleti! Badili mpira leo. Mtungi utoe nje, usimame wima, ufungwe kamba, mbali na moteri. Halafu paka povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua gesi: mapovu yakivimba, inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Na kila mkimaliza kupika, funga kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake.

Kisiwa_Idjwi: Nje jua litaupiga, ufunike.

Mama_Sambaza: Ufunikwe kwa kivuli kinachopitisha hewa, si kusongwa na turubai.

Moteri_Kituku: Mpira mzuri ninaupata hapa Goma, au nivuke Gisenyi, upande wa Rwanda?

Kijana_Himbi: Ukivuka niambie, mtungi wangu nao umeisha.