Kaunti kujiunga na malipo ya kesi za opioidi maana yake nini?

MamaZuu: Jamani mlioko Marekani naomba kueleweshwa, kaunti yetu huku Ohio imepiga kura kujiunga na yale makubaliano ya kampuni za opioidi, yaani vile vidonge vikali vya maumivu vinavyoleta uraibu, sasa hizo hela tunapewa sisi tuliofiwa au zinaenda wapi?

Kibwana: Pole sana dada. Hazigawiwi familia. Yale ya 2021 wasambazaji watatu wa dawa, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, walikubali kutoa hadi dola bilioni 21 kwa miaka 18, Johnson & Johnson hadi bilioni 5. Kaunti na miji ikijiunga mingi jimbo linapata zaidi, ila ukishasaini huwadai tena mahakamani kwa hayo.

Tabu_K: Bora kusaini aisee, Huntington kule West Virginia walienda na kesi yao wenyewe, 2022 jaji akawapa ushindi wasambazaji. Mji ulioumia vile!

Kibwana: Na angalau asilimia 85 ya hela hizo lazima ishughulikie janga lenyewe la uraibu, yaani tiba, nalokisoni (dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi), kinga kwa vijana. Nendeni vikao vya kaunti mkaulize, maana hela za tumbaku za 1998, zile kampuni za sigara zilizokubali kulipa majimbo, nyingi ziliishia kuziba mapengo ya bajeti.