Vyuo vidogo vya kanisa hapa Goma: alama ipotee kwenu, mwanafunzi ndiye alipe?

Ndugu wanafunzi, wazazi, na ninyi wachungaji mnaokaa kwenye mabaraza ya vyuo hivi, uzi huu ni wenu.

Kila mwaka ni hivi hivi. Deliberasio, kikao cha jury cha kupitisha alama, inaisha, matokeo yanabandikwa kwenye valve (ubao wa matangazo), na mbele ya jina la mtu aliyefanya mitihani yote kuna nafasi tupu. Kozi aliisoma. Intero (jaribio la katikati) aliifanya, mtihani aliufanya, minervali (ada ya masomo) aliimaliza. Kote, yaani alama ya kozi, haipo. Halafu anayetumwa kwenda kuitafuta ni yeye mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeipoteza.

Haya hayatokei kwa bahati mbaya. Chuo kidogo cha kanisa hakina maprofesa wa kutosha. Wa kudumu ni maasistanti, CT (chef de travaux, cheo kilicho chini ya profesa) mmoja au wawili, na madaktari wa teolojia ambao hawawezi kufundisha takwimu wala sheria ya biashara. Kozi inatakiwa iwe na profesa mwenye cheo, basi anaitwa mgeni kutoka Bukavu, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Anakuja wiki moja. Kozi ya krediti 3 ina saa 45 za darasani. Ukizigawa kwa siku 6 ni saa 7 na nusu kila siku, na jioni mtu anarudi mtaani Ndosho au Kyeshero kichwa kimejaa. Mfumo wa LMD (licence, masta, doktora) tuliambiwa unampa mwanafunzi muda wa kujisomea, kufanya TP (kazi za vitendo), kurudi na maswali. Muda huo uko wapi ikiwa silabusi inafika siku ya tano na mtihani ni Jumamosi?

Lakini hilo tungelivumilia. Kinachotuumiza ni malipo ya huyo mgeni. Desturi ni kwamba anapewa sehemu ya pesa akifika, na sehemu nyingine akishatoa fishi, yaani orodha ya alama za kozi yake. Sehemu hiyo ya pili haitoki, kwa sababu minervali iliyoingia imekwisha kuziba mishahara ya nyuma au kununua saruji ya jengo jipya. Profesa anaondoka na kopi zetu za mtihani kwenye begi na hatoi fishi mpaka alipwe. Kumlaumu yeye ni vigumu. Mtenda kazi anastahili ujira wake, na wanaosimamia vyuo hivi wanalihubiri neno hilo kila wiki kwenye shapeli (ibada ya chuo).

Siku ya jury ikifika, grili, jedwali la alama zote, ina shimo, na katibu ana njia tatu. Anaandika sifuri. Au anaacha kistari na kusema "itakuja". Au anabuni alama kwa kuangalia kozi nyingine, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu fishi ya kweli ikija baadaye releve (karatasi ya alama ya mwanafunzi) na PV (kumbukumbu za jury) havitafanana tena, na mwenye karatasi ndiye atakayeonekana mdanganyifu mbele ya mwajiri.

Sifuri na kistari nazo zinafunga mlango. Semesta ni krediti 30, mwaka 60, licence (digrii ya kwanza) 180. Kozi zimefungwa pamoja katika vitengo: yenye alama ya chini inaweza kubebwa na mwenzake ya kitengo hicho hicho, wastani ukifika 10 juu ya 20. Kote moja ikikosekana, wastani hauhesabiki. Uwe na 15 kwenye kozi ya pili, kitengo kizima kimekwama. Deni hilo linakufuata mpaka mwaka wa tatu, na hapo mtu aliyekosa kote moja tu anaambiwa hawezi kudefendi, yaani kutetea kazi yake ya mwisho. Kazi ameimaliza, direkta aliyeisimamia amekwisha kusaini.

Na sasa sikilizeni wizi wenyewe. Huyo huyo anaambiwa ajiandikishe ratrapaje (mtihani wa marudio), alipe enrolma (ada ya kuandikishwa mtihani) ya sesheni ya pili, kwa kozi ambayo hakuianguka! Kwa nini chuo kipokee pesa mara mbili kwa deni lake chenyewe?

Jibu la vyuo siku hizi ni vita ya M23. Ni kweli, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, benki zikafunga, na kumleta mtu kutoka Kinshasa kumekuwa safari ndefu ya kuzunguka. Lakini kote zilikuwa zinapotea wakati ndege zinatua kila asubuhi. Vita haikuzuia mtu kutuma fishi kwa WhatsApp. Pia vita hiyo imeongeza shida juu ya mwanafunzi: analipa kwa simu, ada ya kutoa inakatwa kwake, kisha aparitora (ofisi ya uandikishaji) inamdai bordero, risiti yenye stempu ya benki iliyofungwa. Ukilipa kwa simu, siku hiyo hiyo peleka namba ya muamala kwa kontabo (mhasibu wa chuo), iandikwe kwenye karatasi na ipigwe stempu. Ujumbe pekee hautoshi. Simu ikiibiwa mtaani Birere, ushahidi wako umekwenda nayo.

Vyuo hivi vina mema yake, na ndiyo maana tunakasirika. Darasa ni dogo, mwalimu anakujua kwa jina, kalenda haivunjwi na migomo kama kwenye vyuo vya Serikali. Wazazi wengi wamevichagua kwa imani. Imani hiyo hiyo inatumika kutuziba mdomo. Ukiandika rekuru (malalamiko rasmi) unaitwa mwasi, mchungaji aliyekuandikia barua ya mapendekezo anapigiwa simu, mama anaulizwa kanisani mtoto wake ana roho gani. Orodha ya mahudhurio ya shapeli inatunzwa vizuri sana. Orodha ya alama itunzwe hivyo hivyo.

Tunachotaka kinawezekana hata bila mfadhili wa nje. Pesa ya mwalimu mgeni itengwe kabla kozi haijaanza. Isipokuwepo, kozi isianze. Mtihani usahihishwe kabla hajaondoka, akisaidiwa na asistanti, na fishi isainiwe kwa nakala mbili, moja ibaki fakultè. PV zipigwe picha na kuhifadhiwa nje ya ofisi. Huu ni mji ambao lava iliuunguza katikati mwaka 2002, ikarudi tena kwenye vitongoji vyake Mei 2021. Nani anaweka maisha ya promosio (darasa la mwaka mmoja) nzima kwenye kabati moja la mbao?

Na wewe ambaye kote yako haipo, usilipe ratrapaje kwanza. Andika rekuru kwa rais wa jury, mara tu matokeo yanapobandikwa, maana muda ni mfupi, mara nyingi saa 48 au 72. Nakala mbili, yako ipigwe stempu ya kupokelewa, tarehe ionekane. Ambatanisha uthibitisho wa malipo, na omba kwa maandishi orodha ya mahudhurio ya mtihani, kwa sababu saini yako pale ndiyo inayothibitisha kwamba ulitoa kopi. Releve uiombe kila mwaka, usingoje wa mwisho, makatibu wanabadilika. Diploma ya Serikali (cheti cha kumaliza sekondari) nayo ifuatilieni mapema: wengi waliingia na karatasi ya muda, na faili isiyo na ile yenyewe inakwama ikifika wizarani Kinshasa.

Kwa wasimamizi: kote zote za semesta ya kwanza zibandikwe kabla enrolma ya semesta ya pili haijafunguliwa. Tupeni tarehe. Wenye fishi zilizokwama, wa hapa na wa Bukavu, andikeni chini kozi, promosio na mwaka. Jina lenu na la chuo msiweke.