Titresheni moja, majibu manne tofauti. Nakosea wapi?

Mwaka_wa_Kwanza
Wakuu, habari zenu. Nasoma kemia ya uchanganuzi na maabara inanitoa jasho. Nilipima gramu 4.00 za sodiamu haidroksaidi (NaOH), nikaziyeyusha hadi ikafika lita 1, kisha tukaambiwa tutafute molariti yake, yaani moli ngapi (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) ziko kwenye lita moja. Ni kwa titresheni: unaidondosha NaOH kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo na koki, hadi iimalize asidi ya KHP (potasiamu haidrojeni fthaleti) uliyoipima. Mimi nikajiuliza, si ni 0.1 tayari? Nikafanya mara nne, nikapata 0.0965, 0.0985, 0.0971 na 0.0950. Hesabu nimezirudia hadi usiku wa manane, ni zile zile. Ripoti inatakiwa wiki hii. Naombeni msaada.

Chembechembe
Pole sana mdogo wangu. Tuanze na hilo la 0.1. Ukiacha chembe za NaOH juu ya mizani dakika chache utaona zinaanza kung'aa kwa unyevu. Zinanyonya mvuke wa maji hewani, na kaboni dioksaidi pia, ambayo inageuza sehemu yake kuwa kaboneti. Kwa hiyo zile gramu 4.00 hazikuwa NaOH tupu. KHP haina tabia hiyo: inakaushwa kwa nyuzi 110, inatulia, na moli yake moja ina gramu 204.22, kwa hiyo kosa dogo la mizani halikuumizi. Ndiyo maana KHP inatumika kuipima NaOH.

NjiaFupi
Hiyo 0.0950 itoe tu, imekaa mbali. Baki na tatu, utafute wastani.

Bureti50
Hapana, namba haitolewi kwa sababu inatuudhi. Fanya kipimo cha Q cha Dixon, hesabu ya kuamua kama namba iliyo mbali inaweza kutolewa: kutoka 0.0950 hadi jirani yake 0.0965 ni 0.0015, na kutoka ndogo hadi kubwa ni 0.0035. Ukigawanya unapata 0.43. Kwa majibu manne, ungehitaji kuvuka 0.765 ili uitoe kwa uhakika wa asilimia 90. Inabaki.

Mdogo wangu, molariti haziniambii kitu. Tupia hapa uzito na usomaji wa bureti kama ulivyo kwenye daftari.

Mwaka_wa_Kwanza
Asante mkuu. KHP gramu 0.5105, NaOH mililita 25.9. Ya pili 0.5132, mililita 25.5. Ya tatu 0.5098, mililita 25.7. Ya nne 0.5120, mililita 26.4.

Bureti50
Sasa tunaona. Kwanza, zote zina desimali moja. Bureti ya mililita 50 ina mistari ya 0.1, na wewe unatakiwa ukadirie kati ya mstari na mstari hadi 0.01. Shika kadi nyeupe yenye ufito mweusi nyuma ya bureti, jicho liwe usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa maji. Jicho likiwa juu au chini ya hapo, namba inahama.

Lakini hilo peke yake halitoshi kueleza tofauti yako. Tazama ya pili: KHP ndiyo nzito kuliko zote, halafu imetumia NaOH kidogo kuliko zote. Haiwezekani. Kuna kimiminika kiliingia kwenye bureti baada ya wewe kusoma mwanzo. Je, uliacha faneli juu ya bureti?

Ya nne imekwenda upande wa pili. Ama kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya koki, kikatoka katikati ya kazi na nafasi yake ikajazwa na NaOH ambayo haikufika kwenye flaski, ama ulipitiliza. Kiashiria chako, kile kinachogeuka rangi asidi ikiisha, kilikuwa na rangi gani mwishoni?

Mwaka_wa_Kwanza
Mkuu umejuaje! Faneli niliiacha mara ya pili, nilikuwa na haraka. Na ya nne ilikuwa waridi iliyokolea kabisa. Nilidhani ikikolea ndiyo uhakika.

Chembechembe
Fenolfthaleini, hicho kiashiria, ikikolea umeshapita. Unataka waridi hafifu inayodumu kama sekunde 30. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski uione. Ikififia baada ya hapo usiongeze, ni kaboni dioksaidi ya hewani inafanya kazi yake. Ukikaribia mwisho, acha nusu tone lining'inie kwenye ncha, uliguse kwa ukuta wa flaski, ulisukume ndani kwa maji yaliyokenekwa. Tone zima ni kama mililita 0.05, na hilo linaonekana kwenye jibu.

Na bureti isuuze kwa NaOH yenyewe kabla ya kujaza. Flaski isuuze kwa maji tu.

Mwaka_wa_Kwanza
Wakuu nimerudi. Nimeomba kurudia, nikaruhusiwa. Gramu 0.5116, mililita 25.68. Gramu 0.5087, mililita 25.53. Gramu 0.5140, mililita 25.81. Nimepata 0.09755, 0.09757 na 0.09752. Mkono ulikuwa unatetemeka nikigawanya ya tatu. Zile nne za mwanzo nizifute?

Bureti50
Safi sana! Usifute. Ziache daftarini, zipige mstari mmoja unaosomeka, andika pembeni "faneli iliachwa", "rangi ilikolea", na kwa mbili zilizobaki "bureti ilisomwa kwa desimali moja". Hizo ni sababu za kweli za kuacha namba, na msahihishaji atakuelewa. Chupa yako iandike 0.09755 na tarehe ya leo, iwe ya plastiki, kizibo kikazwe. Ikikaa wiki kadhaa, ipime upya kabla ya kuitumia.