Naomba ushauri: wanaume wametaja wapenzi wengi kuliko wanawake
Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu tofauti za kushiriki ngono kwa umri, jinsia na hali ya ndoa. Nimekwama kwenye jinsia: wastani wa wapenzi waliotajwa na wanaume unazidi mno ule wa wanawake. Kihesabu, idadi ya jinsia zote ikikaribiana, wastani wa wapenzi wa jinsia tofauti ungelingana. Hata Natsal, utafiti wa kitaifa wa Uingereza kuhusu mienendo ya ngono, ulikuta pengo hili. Nilihoji ana kwa ana, nahisi aibu iliwafunga wengi midomo. Je, nirudie kwa dodoso la kujaza faraghani? Na wajane wengi hawakujibu. Niwaweke kundi gani? Kuwahesabu kuwa hawashiriki naona ni kuwaonea. Mliopitia haya mlifanyaje?